Vidonge vya Mifupa, Vidonge vya Damu

Jumapili, 29 Oktoba

Tumefika Salamanca. Mvua. Treni ya kutoka Miranda imechelewa, na Satur kafurahi kama mtoto. Enzi zake za kazi ya reli, anasema, treni yake haikuchelewa hata mara moja. Mwongo! Nani alikuwa akipasha supu moto mara tatu tatu, kama si mimi mkewe?

Hoteli ilikuwa nyumba ya mtukufu fulani. Lango la kupitisha farasi, ngazi za mawe, ngao ya ukoo juu ya mlango. Kitanda kirefu mpaka nimekipandia kwa kiti. Satur kamuuliza mwanamke wa mapokezi ni nani aliyefia kitandani humo.

"Hakuna, bwana. Ni kipya, kimeiga tu cha zamani."

"Basi mmetupunja. Mimi nimelipia kitanda na marehemu wake."

Wakacheka, yeye na yule mwanamke. Mimi nikageukia dirisha nikajifanya natazama mvua.

Niandike, maana nisipoandika nitapasuka. Septemba kituo cha afya kilituita sote wawili, damu na picha ya tumbo, kama kinavyowaita wazee wote wa mtaa wetu. Majibu alikwenda kuyachukua Nieves. Binti yetu anafanya kazi duka la dawa, makaratasi yale anayasoma kama gazeti. Akaja jikoni kwangu, akafunga mlango. Mama, ni baba. Ni ini. Wamechelewa kuliona. Na kabla sijakaa: asijue! Unamjua baba, akijua atageukia ukutani na hatakula tena. Akaniapisha kwa Bikira Maria wa Altamira, mimi nikiwa bado nimeshika mwiko.

Nikaapa. Ndivyo tulivyo kwetu. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kufa kwa ugonjwa wake. Baba yangu alikufa kwa baridi yabisi. Shangazi Leocadia, kwa neva. Mama mkwe, kwa kibofu cha nyongo — kibofu kilichomla mwaka mzima mpaka akabaki macho tu, na sisi tukimzunguka: unaendelea vizuri, mama, leo una rangi nzuri. Jina lenyewe la ugonjwa ule halitajwi mezani, hata la jirani. Funika kombe mwanaharamu apite.

Safari hii pia ni ya Nieves. Kalipia yeye, kachagua yeye. Mpeleke baba, anapenda hoteli za majumba ya kale. Satur? Satur analala popote penye godoro! Mwenye kukata picha za hoteli hizo magazetini na kuzibandika ubavuni mwa friji ni mimi. Lakini sikubisha. Hubishani na mtoto anayelia.

Kila asubuhi nampa kidonge kimoja kutoka kisanduku chekundu alichokijaza Nieves. Cha kuendesha damu, nimemwambia. Anameza. Na yeye, kwa kuwa hakubali kushindwa, ananisimamia mpaka nimeze changu cha mifupa, kutoka kisanduku cha buluu. Mtu asiyejua siku yangu ya kuzaliwa anajua ratiba ya mifupa yangu!

Jumatatu, 30 Oktoba

Nyumba za watukufu zina baridi ya kitukufu. Nimeamka na mbavu zinauma upande mmoja. Kitanda hicho. Mtu wa umri wangu hapaswi kulala juu kama gunia darini.

Kifungua kinywa kwenye ukumbi wenye picha za marehemu wa ukoo, wote wameninunia. Nikamwondolea Satur sahani ya nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Nieves kasema mafuta hapana, nikamwambia, kwa ajili ya damu. Akasema: sawa.

Sawa! Satur! Mwaka ule daktari alipomkataza nyama hiyo kwa sababu ya presha alinuna mpaka Krismasi. Leo — sawa. Kisha akanyoosha mkono akanivutia buli la kahawa kwake. "Na wewe kahawa basi. Inakula mifupa." Mhudumu akasimama na trei yake akatutazama. "Wageni wote wangekuwa kama ninyi, hoteli ingetajirika."

Amekuwa mpole. Hilo ndilo linaloniua. Ananibebea mkoba. Ananiachia upande wa ukuta barabarani nisilowe. Mama yangu alikuwa akisema mtu anayekaribia kuondoka hulainika kabla, mwenyewe hajui kwa nini. Leo kaniomba nisimame chini ya matao ya uwanja mkubwa anipige picha. Kisha nyingine. Kisha nyingine nikila. Nimemwambia, wewe, tuna albamu nne nyumbani na katika zote umenikata kichwa, leo umeingiwa na nini? Akasema mwanga ni mzuri. Mwanga gani? Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya paa!

Tukaenda kumtafuta yule chura wa jiwe kwenye lango la chuo kikuu, aliyekaa juu ya fuvu. Wanafunzi humtafuta ili wafaulu mitihani. Satur shingo juu, miwani puani, watu wanampita, mvua inamwingia kolani. Hakuondoka mpaka kampata. Nikamuuliza kaomba nini.

"Nimeomba mabomba ya nyumbani yasipasuke baridi ikija."

"Umesimama mvuani muda wote huo kwa ajili ya mabomba?"

"Mabomba ni ghali, Presen."

Akafuta macho. Baridi, akasema. Macho yake yana unjano kidogo kwenye weupe wake, nimeona. Au ni taa za dukani. Nikamkumbatia palepale mbele ya kundi la wanafunzi, mmoja akapiga mluzi, Satur akauliza wananipigia mluzi mimi au wewe.

Nimekula kidogo. Sketi yangu ya buluu imenilegea, naishikilia kwa pini. Huzuni inakondesha kuliko daktari.

Jumanne, 31 Oktoba

Tumehama. Hoteli ya pili ilikuwa nyumba ya watawa wa ndani, wale wasiotoka. Nieves hakupata chumba humu mpaka leo. Watawa wa mwisho waliondoka wakiwa vikongwe, wakabaki korongo mnarani na ukimya. Chumba chetu ni vyumba viwili vya watawa vilivyotobolewa ukuta. Vitanda viwili vyembamba, kimoja huku, kimoja kule.

Hatujawahi kulala mbalimbali tangu tuoane, isipokuwa nilipojifungua. Satur akavitazama. "Hapa mtu anapewa talaka kabla ya chakula cha jioni." Tukaanza kuvisogeza. Vya mbao nzito, vinalia sakafuni kama ng'ombe. Katikati ya kazi akaketi ghafla, mkono kifuani, akasema amechoka, tupumzike kidogo. Nikaketi na mimi kando yake. Amechoka kwa kusukuma kitanda! Mtu aliyekuwa akibadilisha njia za treni kwa mikono yake.

Jirani akagonga ukuta. Satur akamgongea pia. Tukavisogeza mpaka vikakutana.

Msichana wa mapokezi anaitwa Jimena, mdomo haufungi. Katupeleka kwenye ukumbi wa chini, chini ya kuba. Eti watawa walikuwa wamekatazwa kuongea wakitazamana. Basi mmoja alisimama kona hii, uso ukutani, mwenzake kona ile ng'ambo, uso ukutani, na walichonong'ona kilipanda kuba na kushuka upande wa pili. Kisheria hawakuongea na mtu. Waliongea na ukuta. Nimewapenda watawa hao. Ni watu wa kwetu kabisa.

"Jaribuni!" akasema Jimena, simu ikamwita, akatuacha.

Satur akaenda kona ya dirisha. Mimi kona yenye benchi la mawe. Nikaweka paji la uso ukutani. Kifaa chake cha sikio alikuwa amekiacha chumbani, anabana betri zake kama anazinunua kwa dhahabu. Bila kifaa hasikii hata kengele za kanisa. Nilijua hasikii. Ndiyo maana nilisema. Nikauambia ukuta: Satur, unakufa, na mimi nimekatazwa kukuambia, na sijui nitaishi vipi.

Kisha sauti yake kutoka ng'ambo, kama anaita mtu garini: "Hakuna kitu! Sisikii kitu! Upuuzi wa kuuzia watalii!"

Nikafuta uso kwa skafu. Nikamwambia labda mimi ndiye sikusema vizuri.

Jioni tulinunua kastanya, kokwa za kuchoma, kwa mama mmoja wa kona ya uwanja. Alinimenyea zote. Yeye alikula moja tu.

Jumatano, 1 Novemba — Watakatifu Wote

Maishani mwangu sijawahi kuwa mbali na makaburi yetu siku ya leo. Ndoo, sabuni, brashi, maua. Nani leo anasugua jiwe la mama? Nilimwambia Nieves safari hii twende wiki ijayo. Akakataa kabisa. Wiki ijayo haiwezekani, mama. Baada ya sikukuu kuna miadi. Miadi gani? Ya baba, akasema, na akageukia rafu zake za dawa.

Wifi yangu Casilda kapiga simu tukiwa uwanjani, dada yake Satur, ulimi wa kukatia nyasi. "Nimepita makaburini. Kaburi la mama lilikuwa na kuvu, nimesugua mimi na mgongo wangu huu. Msijali. Nyinyi stareheni kwenye majumba yenu." Satur akaniondolea simu mkononi, akaizima. Hajawahi kumkatia simu dada yake! Nikasema utalipia Krismasi. Akasema Krismasi iko mbali.

Nikaingia kanisani.

Mchana tukagombana. Ni aibu kuandika — kwa ajili ya divai! Aliagiza bilauri moja kwa sababu ni sikukuu, nikaiondoa. Nikaagiza kahawa kwa sababu nilikuwa na hasira, akaiondoa. Nikasema mimi si mtoto. Akasema basi usile kama mtoto, tazama sahani yako. Nikasema tazama yako! Meza ya pili waligeuka. Yale maandazi madogo ya sikukuu, yenye krimu ndani, yalibaki kwenye sahani katikati yetu, hakuna aliyeyagusa.

Tulipopanda chumbani akasema anashuka kumpigia Nieves. Kuta humu zina unene wa mita, simu inashika mtandao mahali pamoja tu: ukumbi wa chini, kona ya dirisha. Akashuka. Alikuwa amesahau shali yake. Nikaichukua nikamfuata, maana kule chini kuna baridi ya kisima.

Sikwenda kusikiliza. Naandika hivi hapa ili ijulikane, hata kama hakuna wa kuijua. Niliingia kwa mlango wa upande mwingine, goti likanichoma kwenye ngazi ya mwisho, nikakaa kwenye lile benchi kupumua. Yeye kanipa mgongo, uso dirishani, kifaa sikioni, simu juu yake. Ukumbi mzima kati yetu. Na Satur akinong'ona hunong'ona kama kiziwi, kwa hiyo kuba lilinishushia yote sikioni kama mtu aliyekaa pembeni yangu.

"Hajui. Nakuambia hajui!"

Kisha: "Anameza, ndiyo, kila asubuhi. Anadhani ni vya mifupa."

Kisha: "Kahawa nimemnyima. Amenitukana. Haidhuru. Lakini amekonda, Nieves, sketi inamzunguka. Jana vitanda vile — ilibidi nijifanye nimechoka mimi, ndipo na yeye akapumzika."

Nieves alikuwa anasema kitu, kwangu kilifika kama kuku mbali.

"Hapana. Usiniambie mpaka lini. Sitaki tarehe." Na mwisho: "Mimi hata mashine ya kufulia sijui kuiwasha, binti yangu. Nitakaaje mle ndani bila mama yako?"

Nilirudi juu na shali yake mkononi.

Kwanza nilicheka. Kweli! Nilikaa kitandani nikacheka mpaka pini ya sketi ikanichoma. Nieves, mjanja wewe! Jikoni kwangu ni baba. Kwa baba yake, sijui wapi, ni mama. Kila mmoja kapewa mwenzake amlinde, kila mmoja kapewa kisanduku. Nyumba ina walinzi wawili na haina mgonjwa. Bibi yake, yule wa kibofu cha nyongo, aligundua ugonjwa wake kwa kutusoma nyusoni, maana sote tulimtazama yeye. Nieves alikuwa pale, msichana wa shule, akamwona bibi yake akigundua. Safari hii kahakikisha kila mmoja anatazama kwingine.

Kisha kicheko kikaisha, nikaelewa nilichokuwa nakicheka. Kwa mmoja wetu ni kweli.

Niseme lililonipita moyoni, maana hapa sina wa kumficha. La kwanza lilikuwa furaha. Satur hafi! Huenda Satur hafi! Ilinipanda kama joto. Nyuma yake ikaja nyingine: basi ni mimi. Nikaweka mkono mbavuni, pale panapouma tangu Jumatatu, nikaogopa. Na nikiwa na hofu hiyo, mimi niliyemlilia siku zote hizi, nikamwomba Mungu iwe ni yeye. Nimeomba hivyo. Kisha nikamwomba asiwe amesikia. Kisha nikaomba tena, sijui tena nini.

Amerudi kutoka chini. Macho mekundu. Kasema Nieves ananisalimia, kasema kule Miranda kuna ukungu. Nikasema hata hapa.

Alhamisi, 2 Novemba — Marehemu Wote

Kengele tangu alfajiri.

Nilimtazama kwenye kioo akinyoa. Unjano upo machoni. Upo? Nikajitazama na mimi baada yake. Kwenye kioo hiki kila mtu ni wa njano, taa ni ya njano.

Akaja na bilauri ya maji na kisanduku cha buluu. "Mifupa." Kidonge kwenye kiganja chake. Mficha maradhi kifo humuumbua, watu husema. Lakini hakuna msemo wa mtu anayeficha asiyoyajua ni ya nani.

Nikasema: "Satur, Nieves alikuambia nini?"

"Lini?"

"Alipoleta majibu."

Alikaa. Kitanda kikalia. Hakuuliza majibu gani.

"Aliniambia gereji," akasema. "Nilikuwa chini ya gari. Aliniambia nikiwa chini ya gari, nisiweze kusimama. Alinifanya niape."

"Kwa Bikira wa Altamira."

Akanigeukia. "Umejuaje?"

"Mimi aliniapisha jikoni."

Sijawahi kumwona mtu akielewa jambo polepole namna ile. Alianza kwa kunishika mkono, kunifariji, kwa sababu alidhani nimeambiwa juu yangu mwenyewe. Kisha mkono ukasimama. "Jikoni," akasema. "Juu ya nani?"

Nilichukua kisanduku chekundu mkobani nikakiweka kitandani, kando ya cha buluu, pale vitanda vinapokutana.

"Vya damu," akasema.

"Vya damu."

"Presen, mimi mzima. Najisikia mzima kabisa!"

"Na mimi najisikia mzima."

Tukavimwaga juu ya shuka. Vyote vyeupe, vyote vya duara. Vyangu vina mstari katikati, vyake havina. Kimoja ni dawa, kingine labda chokaa ya kulishia kuku, lakini ni kipi? Satur akavitazama na miwani, akavitazama bila miwani. Kisha akasema jambo ambalo Satur peke yake angelisema: "Tumeze vyote. Kila mtu chake na cha mwenzake. Hapo hatukosei."

Nikacheka, akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia kwa sauti kubwa, kama wanavyolia viziwi, hajisikii. Jirani akagonga ukuta. Safari hii hakuna aliyemgongea.

Baadaye alinawa uso. Nilimwambia tunaweza kukaa hivi hivi. Turudi nyumbani, tumeze vidonge, tunyimane kahawa na divai. Wengi wameishi hivyo. Yeye akatikisa kichwa. Akasema tangu Septemba amekuwa akinisikiliza nikipumua ili asikose. Nikasema na mimi. Akasema basi kwa hiyo hatujalala sote wawili kwa ajili ya mtu mmoja, na huyo mmoja anastahili angalau ajulikane.

"Utauliza wewe," nikasema.

"Nitauliza mimi. Wewe utasikia."

"Kwa nini mimi?"

"Nikisikia mimi utaniona usoni kabla sijafumbua mdomo. Mimi sijui kuficha." Akavuta kamasi. "Lakini ukishasikia, uniambie. Liwe lako, liwe langu. Sitaki kibofu cha nyongo. Niapie."

Nimemwapia. Bikira wa Altamira mwaka huu amechoka na mimi.

Sasa tuko chini. Jimena alitaka kutuonyesha kitu, Satur akamwambia asante, bibie, baadaye. Ukumbi ni wetu. Mimi kwenye benchi la mawe, shajara gotini. Nimeileta kwa sababu mikono lazima ifanye kitu. Yeye kona ya dirisha. Kanivalia koti la safari, kajifunga na tai! Tai, kwa simu!

Anabonyeza namba kwa kidole kimoja, kama anabonyeza kengele ya wakubwa.

Inaita. Naisikia kwenye ukuta wangu.

"Nieves. Nyamaza, usiseme kitu, mimi ndiye nasema. Mama yako yuko hapa. Tumevimwaga vidonge. Tunajua ulichofanya na hatujakasirika, binti yangu. Hatujakasirika. Tunauliza jambo moja tu. Ni nani kati yetu?"

Ameweka spika. Amekitoa kifaa sikioni, amekitia mfukoni mwa koti, amepapasa mfuko kuhakikisha. Ameiegemeza simu ukutani, uso wake ameutoa ukutani.

Nieves analia. Nasikia anavuta pumzi. Iko karibu, kama alipokuwa mdogo akinilalia begani.

Satur amegeuka. Haitazami simu. Ananitazama mimi usoni, ukumbi mzima, macho ameyakaza kama anasoma ishara ya reli mbali.

Nieves ameanza kusema. Nimeinamisha kichwa, naandika, naandika tu, ili asiuone uso wangu